Kura Iliyokwama Nyuma ya Mwamba

Jumamosi, 24 Januari

Penieli amehamia kwangu leo. Amekuja na begi moja, simu mbili na mkeka wa mama yake. Juzi Alhamisi alichaguliwa kuwa mmoja wa wabunge wawili wa kisiwa chetu, na kwa kuwa nyumba ya baba yake, marehemu kaka yangu, ilibomolewa na mawimbi mwaka juzi, hana pa kulala ila kwa shangazi yake. Nimempa chumba cha mjukuu wangu Losaline. Nimemwambia viatu vibaki nje na simu zisiite wakati wa sala.

Meli inatarajiwa Jumanne. Itampeleka Funafuti, makao makuu ya nchi yetu, ambako wabunge watakutana kumchagua Waziri Mkuu. Wako kumi na sita, lakini mmoja amelazwa hospitalini ng'ambo, Suva. Katika waliobaki, saba wanataka tuendelee na urafiki wetu wa zamani na Taiwan, na saba wanataka tuuhamishie China, ambao hawakubali tuwe marafiki wa wote wawili na wanaahidi kutujengea kuta za kuzuia bahari. Penieli ndiye wa kumi na tano. Katika kampeni alisema kwamba tubaki tulipo.

Losaline anasomea udaktari Taipei kwa ufadhili wa serikali ya huko. Amebakiza mwaka mmoja na nusu. Nchi nyingine zilizohamia China zilishuhudia wanafunzi wao wa Taipei wakifunga mizigo. Naandika hili mapema ili nisije nikajidanganya kwamba nayatazama mambo haya kwa ajili ya taifa peke yake.

Jumapili, 25 Januari

Mahubiri yalikuwa marefu. Mawingu yamejaa upande wa magharibi.

Jumanne, 27 Januari

Meli ilikuja, ikasimama tangu asubuhi nje ya mwamba wa matumbawe unaokizunguka kisiwa. Mlango wetu wa mwamba, mahali pekee pa mashua kupita, umeelekea magharibi, na upepo wa msimu huu huyasukuma mawimbi moja kwa moja ndani yake. Mashua ya mizigo ilijaribu mara moja. Pua yake iliinuka hata tukaliona tumbo lote, na nahodha akaigeuza.

Penieli alikuwa amesimama ufukoni na shati jeupe, begi lake limefungwa ndani ya plastiki. Jirani yangu Saini alikuwa ameketi juu ya ndoo yake, anatafuna nazi.

"Mheshimiwa, si uogelee tu? Taifa linakungoja."

"Nikizama, Mama Saini, utagombea wewe?"

"Mimi nagombea Brisbane peke yake." Jina lake na la wanawe yalichaguliwa katika bahati nasibu ya viza za Australia, na tangu siku hiyo hakuna sentensi yake isiyopitia Brisbane.

Meli iling'oa nanga alasiri ikaenda visiwa vingine. Haikushusha hata gunia moja la unga.

Jumatano, 28 Januari

Mvua.

Ijumaa, 30 Januari

Simu za Penieli haziishi. Mtandao unashika vizuri nyuma ya jiko langu, kwa hiyo kila nikipika nasikia nusu ya mambo ya dunia. Wale saba wanampigia. Wale saba wengine wanampigia. Mabalozi wanampigia. Waandishi wa Sydney wanampigia. Hata Waaustralia wa serikalini wamepiga, kwa kuwa mkataba wetu nao unasema kwamba tukitaka mapatano ya ulinzi na nchi nyingine ni lazima wao wakubali kwanza. Wanauliza kwa upole mwingi, kama watu wanaomuuliza mgonjwa habari za wosia.

Wakati wa chakula alisema, "Shangazi, nchi yetu ina watu elfu kumi tu, na wiki hii wakubwa wote wananijua kwa jina."

"Wanakujua wewe au wanaijua kura yako?"

Alicheka. Ana kicheko cha kaka yangu, na kicheko hicho kiliwahi kunifanya nisamehe mambo mengi.

"Najua unachofikiria," alisema. "Losaline ni kama dada yangu. Sitamwacha njiani."

"Hiyo ni ahadi?"

"Ni ahadi, Shangazi. Usiwe na wasiwasi."

Nilimwongezea samaki.

Jumatatu, 2 Februari

Leo tulikutana ukumbini, na mambo yameharibika.

Hapa kwetu zawadi haipokelewi kimya. Mpiga mbiu wa ukumbi husimama, hukitaja kitu na humtaja mtoaji kwa sauti ya kufika baharini, na ukumbi mzima hujibu kwa pamoja. Tukishajibu, tumefungamana na mtoaji, na siku yoyote anaweza kuja na haja yake. Mpiga mbiu wetu ni Ikapoti, mtu mnene, mfupi, ambaye nilimfundisha darasa la nne na ambaye hakuwahi kuimaliza sentensi bila kupotea katikati.

Mwezi wa Desemba, kabla ya kampeni, alikuja mtu wa kampuni ya ujenzi ya Kichina. Alileta mchele, nyama za kopo na mifuko ya saruji. Mchele tuliula tangu Krismasi hadi wiki ya kura. Saruji tulizibia nyufa za tangi la maji la shule. Ikapoti alipiga mbiu, tukajibu.

Leo Mzee Alapati, mkuu wa ukumbi, alimtaka Penieli asimame.

"Mwanangu," alisema, "tunajua ulichosema katika kampeni. Lakini ukumbi huu ulijibu mbiu. Sasa wale tuliowajibu wana haja. Utakwenda Funafuti ukawageuzie mgongo, halafu sisi tuonekane watu wa namna gani?"

Penieli alisimama vizuri, mikono nyuma. "Wazee wangu, mimi nilichaguliwa kwa kura. Sikuchaguliwa kwa mchele."

Vijana wa nyuma walipiga makofi. Ikapoti akainuka taratibu.

"Na hao waliokupigia kura, wiki ile walikuwa wanakula nini?"

Ukumbi ulicheka hata wazee wakashika mbavu. Penieli alicheka pia, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Mimi sikucheka. Nilisimama nikasema kwamba mtoaji alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara si nchi. Kura ya Bunge haiwezi kudaiwa na kampuni ya saruji.

"Mwalimu," Ikapoti alinijibu, "nilimuuliza yule bwana, mtoaji ni nani? Akasema kampuni. Nikamwambia, hapa kampuni haina uso, nitamtaja nani? Akakuna kichwa. Akasema, basi, taja China, marafiki zenu. Nikaitaja mara tatu. Wewe ulikuwa umekaa mbele, pale pale, na ulijibu."

"Hukupaswa kumuuliza."

"Mbiu bila jina? Mwalimu! Ningesema nini? Saruji hii imeanguka kutoka mbinguni?"

Wakacheka tena. Yule mgeni alikuwa tayari kuacha mzigo wake na kuondoka zake, na Ikapoti, kwa kushika desturi, alimlazimisha kuugeuza kuwa jambo la mataifa mawili. Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira kiasi kwamba niliunguza wali, na wali wenyewe ndio wa mwisho.

Jumatano, 4 Februari

Nimempita Ikapoti njiani. Sikumsalimu.

Alhamisi, 5 Februari

Upepo uleule. Duka halina unga wala sukari.

Jumamosi, 7 Februari

Bahari imejaa kupita kiasi, kama kila mwaka mwezi huu, ila kila mwaka inazidi. Watu wa mbali hudhani bahari hutufikia kwa mawimbi. Mawimbi yanabomoa nyumba, ndiyo, lakini mashimo yetu ya kupandia chakula huuawa kutoka chini. Maji hupenya katika matumbawe na kuibuka ndani ya shimo polepole, bila kelele, kati ya mashina ya pulaka, yale magimbi makubwa ambayo mama wa mama yangu alianza kuyapanda pale.

Nilimpeleka Penieli tukaangalie shimo letu. Majani ya pembeni yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Nilichovya kidole nikaonja, kisha nikamwambia naye aonje.

"Chumvi," alisema.

"Mwaka jana ilikuwa upande ule tu."

Alivua shati akaingia hadi magotini. Tulifanya kazi mpaka jua likawa utosini, tukihamisha miche kutoka upande ulioharibika kwenda upande ambao bado. Hakugusa simu. Alipovuta shina moja, mizizi ilitoka laini, imeoza, inanuka. Alisimama nayo mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii iliyobaki itachukua muda gani kufa?"

"Muulize aliyesomea."

"Nakuuliza wewe, Shangazi."

"Miaka miwili. Mitatu Mungu akipenda."



Jumapili, 8 Februari

Losaline alipiga simu baada ya ibada. Huko kwao ni baridi. Wameanza kwenda wodini, na kuna bibi mmoja mgonjwa anayemwita "daktari wa kisiwani" na kumpa machungwa.

"Bibi, hapa wanafunzi wenzangu hawaongei kitu kingine. Mwenzetu mmoja amekwisha kuuza baiskeli yake. Penieli anasemaje?"

"Ameahidi."

"Ameahidi kabisa, au ameahidi kama anavyoahidi?"

Nilimwambia asimseme vibaya ndugu yake. Hali ya hewa ikakata simu.

Jumanne, 10 Februari

Meli imesema kwa redio kwamba haitajaribu wiki hii.

Jumatano, 11 Februari

Mvua. Nimesuka mkeka.

Ijumaa, 13 Februari

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Penieli alikuwa nyuma ya ukuta, anaongea kwa simu. Sikusikiliza kwa makusudi, lakini ukuta wa jiko langu ni makuti.

"Mzee, usiwe na wasiwasi," alisema. "Kisiwa chetu hakisahau. Ni ahadi."

Sauti ilikuwa ileile. Kicheko kilekile mwishoni. Nilimngoja mlangoni na mbuzi ya nazi bado mkononi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na watu, Shangazi."

"Watu wa upande upi?"

Alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Amekonda. Sikuwa nimeliona hilo kwa kuwa namwona kila siku.

"Nimekwama hapa wiki ya tatu," alisema. "Kila anayepiga anataka neno. Nikikataa, anapiga tena baada ya nusu saa. Nikikubali, napata nafasi ya kupumua. Nikitoka nje, wazee. Nikirudi ndani..."

"Ukirudi ndani, mimi."

"Sikusema hivyo."

"Ulikuwa unaelekea kusema."

Nilirudi kwenye nazi yangu. Nilimdhania kijana imara anayesumbuliwa na watu dhaifu. Sasa sijui. Ninachojua ni kwamba ahadi niliyoipata ni mojawapo ya ahadi nyingi, na kwamba niliidai kwa samaki.

Jumamosi, 14 Februari

Upepo uleule.

Jumatatu, 16 Februari

Ikapoti alikuja. Alisimama uani kama mwanafunzi aliyechelewa, kofia mkononi, mpaka nilipomwambia akae.

"Mwalimu, najua una hasira nami."

"Ninayo."

"Nami ninayo. Mke wangu ananiita Balozi. Watoto wakiniona wananipigia saluti. Lakini sikuja kwa hilo." Alifuta jasho. "Mbiu haifutiki. Nimefikiri sana, haifutiki. Lakini naweza kupiga nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Ya kurudisha. Tutoe chetu, kizito kuliko chao. Mikeka, nguruwe, pulaka, samaki wakavu. Nikitaje mbele ya ukumbi, kipakiwe melini, kiende kwenye ofisi yao Funafuti kwa jina la kisiwa. Hapo tumelingana. Hawana la kutuambia, na yule mtoto atakwenda bila kamba shingoni."

"Watu hawana unga, Ikapoti. Unataka watoe nguruwe?"

"Ndiyo maana itakuwa nzito."

Nilimtazama. Miaka yote nimemhesabu mtu huyu kuwa mpumbavu mwenye mapafu mazuri.

"Kwa nini hukusema haya siku ile?"

"Siku ile mlikuwa mnacheka. Mimi watu wakicheka nasahau nilikokuwa naelekea, unanijua." Akainuka. "Nguruwe ni wa wanaume, nitasema nao. Mikeka ni yenu. Wewe ukisema, wanawake watatoa. Mimi nikisema, watanipigia saluti."

Jumatano, 18 Februari

Ukumbini tangu asubuhi hadi jua kupinda.

Ikapoti alieleza. Alipotea katikati mara mbili, na mara zote mbili nilimwonyesha njia kwa ishara, kama zamani. Kisha likazuka zogo.

"Nguruwe wangu ni nauli yangu!" Saini alipaza sauti. "Mkimpeleka Funafuti, mimi Brisbane nitafika nimepanda nini? Nimpande Ikapoti?"

"Ukiweza kunilisha njiani," Ikapoti alijibu.

Baada ya kicheko Saini akawa mkali kweli. Alisema kwamba watu wa Taiwan wametupa madaktari, watu wa China wanatupa ukuta, Waaustralia wanatupa mlango wa kutokea, na sisi tunataka kumrudishia mmoja wao nguruwe ili iweje. "Wote watatu wanatupa kwa sababu yao. Chukueni kwa wote. Bahari haiulizi mtoaji ni nani."

Wengi walitikisa kichwa kukubali.

Nilisimama. Nilisema kwanza kwamba mjukuu wangu yuko Taipei, na anayetaka kuyapuuza maneno yangu kwa sababu hiyo ana haki. Kisha nikasema kwamba shimo langu la pulaka limeingiwa na chumvi, kwa hiyo anayedhani siutaki ukuta amekosea pia. Nikasema kwamba kijana huyu tumemchagua sisi, na tangu siku ile hatujamwachia nafasi ya kufikiri: wageni wanamvuta kwa simu, ukumbi unamvuta kwa mchele tuliokwisha kuula, na nyumbani kwake anavutwa na shangazi. Penieli alikuwa anatazama miguu yake.

"Nitatoa mkeka," nilisema, na nikakaa.

Mzee Alapati aliuliza, "Na tukisha kurudisha, Penieli atapiga kura ipi?"

Ikapoti ndiye aliyejibu, na safari hii hakupotea popote. "Hilo tusimuulize, Mzee. Tukimuuliza, tutakuwa tumemnunua kwa nguruwe wetu wenyewe."

Walikubaliana. Saini alikuwa wa mwisho kuinua mkono, na aliuinua nusu.

Alhamisi, 19 Februari

Nimeutoa mkeka niliomsukia Losaline kwa siku ya kuhitimu kwake. Wenye nakshi ni huo tu. Nilifikiria kutoa mwingine, mbaya zaidi, na hakuna ambaye angejua. Niliukunja kabla sijabadili nia.

Ijumaa, 20 Februari

Nguruwe wanapiga kelele kisiwa kizima. Saini amemleta wake mwenyewe kwa kamba, anamtukana njia nzima.

Jumapili, 22 Februari

Tumekula nazi na samaki. Pasta aliomba kuhusu hali ya hewa bila kutaja anaombea upande upi.

Jumanne, 24 Februari

Ikapoti amepiga mbiu ya kurudisha. Alivaa sketi ya kuchezea ngoma na shada kichwani. Alitaja kila kitu na nyumba kilikotoka, na mwisho akamtaja mpokeaji, mara tatu, kwa jina lilelile la Desemba. Hatukujibu, kwa sababu mbiu ya kurudisha haijibiwi. Nilimtazama Penieli. Alikuwa analia waziwazi, naye si mtu wa kulia.

Alasiri upepo ulianza kugeuka.

Alhamisi, 26 Februari

Meli imekuja, na mashua imepita.

Asubuhi, kabla ya kushuka ufukoni, Penieli alikuja jikoni na shati lake jeupe.

"Shangazi, nilikuahidi jambo."

"Ndiyo."

"Wengine nitawaambia niliwadanganya. Lakini wewe..."

Nilikuwa na jibu tayari tangu Jumanne, na bado lilikuwa gumu kulitoa.

"Nimekuachilia," nilisema. "Watu wenye njaa wametoa nguruwe wao ili usiwe na jina la mtu shingoni. Siwezi mimi kubaki nimeishika ahadi yako."

"Na Losaline?"

"Yeye hakukuomba ahadi. Niliiomba mimi."

Alinikumbatia, akaenda. Nilijuta kabla mashua haijapita mwamba. Nilisimama ufukoni na Saini, nikijua kwamba ningeweza kumwita na kwamba angegeuka. Nguruwe walikuwa wakipiga kelele ndani ya mashua.

"Mwalimu," alisema Saini, "mbona unauma kanga yako?"

Sikuwa nimetambua kwamba ninaiuma.

Jumatatu, 2 Machi

Redio, saa saba. Tulikuwa ukumbini wengi wetu.

Waziri Mkuu mpya amechaguliwa kwa kura nane dhidi ya saba. Ni yule anayetaka kuhama. Penieli amempigia kura, na amesema hivyo mwenyewe mbele ya waandishi, kwa jina lake. Alisema kwamba kisiwa chake hakikumtuma apige kura yoyote, na kwamba alipiga kwa ajili ya mashimo ya pulaka. Serikali mpya itatangaza uhusiano na China kabla ya Pasaka.

Hakuna aliyeshangilia. Wanaoutaka ukuta walikuwa wanachungulia uso wangu. Ikapoti alikuja akakaa karibu nami bila kusema neno, na kwa mtu mwenye sauti ile nadhani hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Tulimpa uhuru, akautumia. Nimeiandika sentensi hii nikaiangalia sana. Haina kosa.

Jumanne, 3 Machi

Losaline alipiga.

"Nimesikia, Bibi."

"Ndiyo."

"Wametuambia tunaweza kumaliza muhula huu. Baada ya hapo hawajui. Wamekuwa wema sana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wengine wanasema tutahamishiwa vyuo vya China, tuanze lugha ya kitabibu upya na mitihani upya. Wengine wanasema Suva. Penieli alikuahidi, si ndiyo?"

"Aliniahidi. Nilimwachilia."

"Ulimwachilia?"

Nilimweleza yote: mbiu, nguruwe, mkeka, maneno ya jikoni. Sikupamba.

"Bibi," alisema mwishowe, "hakuna mtu mwingine duniani angefanya hivyo. Mtu yeyote mwingine angemshika mguu asipande ile mashua."

"Ungetaka nimshike?"

"Ndiyo!" alisema kwa sauti kubwa. "Ndiyo, Bibi, ningetaka!" Kisha akaanza kulia, na mimi nikaishika simu mpaka salio likaisha.

Jumatano, 4 Machi

Sina la kuandika.

Jumatatu, 9 Machi

Saini anasema Waaustralia wameanza kuuliza maswali kuhusu mkataba, na wenye viza wana hofu. Amenifuata mpaka shimoni kunieleza. Nilimwambia anishikie kapu kama anataka kuongea. Alilishika mpaka jioni.

Ijumaa, 13 Machi

Meli imemleta Penieli pamoja na wapimaji wawili wenye vyombo vyao vya miguu mitatu. Watu walishuka ufukoni. Sikushuka.

Alikuja alasiri. Alivua viatu, lakini hakuingia. Alisimama kizingitini na begi lake.

"Shangazi, naweza kulala kwa Saini."

"Kwa Saini kunavuja. Ingia."

Aliingia, akakaa sakafuni karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni wasiojuana na nyumba. Nilimpa dafu. Hakulinywa.

"Wamesema wataanza kupima kwenye shimo letu," alisema. "Niliwaomba. Nilipokuwa naingia kupiga kura niliona ile mizizi..."

"Usiniambie ulifanya kwa ajili yangu. Hilo sitalipokea."

"Sikufanya kwa ajili yako. Nilifanya kwa sababu nadhani ni sahihi. Mkataba wa Australia unatupa njia ya kutoka, Taiwan wanatupa mwaka baada ya mwaka, lakini hakuna aliyesema ataizuia bahari. Hawa wa China wamesema. Labda wanadanganya."

"Labda."

"Ukuta wenyewe labda hautajengwa."

"Labda."

"Basi nitukane, Shangazi. Kila mtu hapa ananipa mkono kama nimefiwa."

Sikuwa na hamu ya kumtukana. Nilikuwa nimemtukana kila siku tangu tarehe mbili, ninapochota maji, ninapofagia, na leo nilipomwona na soksi zake zimetoboka nikagundua kwamba matusi yamekwisha. Simwoni tena imara, wala simwoni dhaifu. Ni mtu aliyepewa uzito na akaubeba kwenda mahali ambapo mimi nisingeupeleka.

"Umekwisha kuongea na Losaline?" nilimuuliza.

Aliangalia dafu. "Nilimwandikia ujumbe."

"Sikuuliza kuhusu ujumbe."

"Shangazi, nitamwambia nini?"

"Hujui? Ulisimama mbele ya redio ukaliambia taifa zima."

"Taifa si Losaline."

"Mpigie. Huko kwao bado ni mchana, atakuwa ametoka wodini."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na usiende nyuma ya jiko."

Alitoa simu. Aliibonyeza polepole, akaiweka sakafuni kati yetu ili nami nisikie. Iliita muda mrefu. Nilidhani hatapokea, na naye nadhani alikuwa anaomba asipokee. Kisha tukasikia kelele za korido, na sauti yake, karibu sana, kama yuko chumbani kwake.

"Nani?"

"Losaline. Ni mimi, Penieli."

Hakukata. Tulisikia magurudumu ya kitanda yakipita, na mtu akicheka kwa mbali.

Penieli aliniinulia macho nimpe neno la kuanzia. Nilikuwa nayo mengi. Niliweka mikono mapajani, nikangoja aanze mwenyewe.